Funga paa kwanza nione

Leo siasa na bajeti vipumzike kidogo, tuongee magari. Najua wapo watakaosema mwandishi wa gazeti na gari la kufungua juu wapi na wapi, mshahara wenyewe tarehe 12 umeshakata. Semeni tu. Chumba cha habari kizima kimeshasema kabla yenu, na mhariri wangu akaniuliza mbele za watu kama siku nikitumwa Jangwani kwenye mafuriko nitakuwa mwandishi wa habari au nitakuwa habari yenyewe. Nilicheka na wenzangu. Lakini ukiutoa utani, swali lake ndilo swali zima la magari haya, na nimetumia karibu miezi miwili kulitafutia jibu kabla ya kutoa hata shilingi.

Nieleze kwanza kwa nini nilikuwa mwangalifu namna hiyo. Fedha niliyonayo ni ya miaka mitatu ya kudunduliza, upatu ndani yake, na juu yake kuna mkopo wa saccos ambao kaka yangu amenidhamini. Kaka mwenyewe ana watoto watatu na ada zinamsubiri kila Januari. Gari likinifia barabarani sitalia peke yangu. Kwa hiyo wale wanaosema "maisha ndiyo haya haya, nunua ufurahie", nawaelewa, ila hawajakaa mezani na kaka yangu akisaini ile fomu.

Gari lenyewe ninalolitaka ni Mazda Roadster. Wengi mmeliona japo jina hamlijui: kadogo, viti viwili, taa za mbele zinalala ndani ya boneti na ukiziwasha zinainuka kama macho ya chura. Mazda walilionyesha kwa mara ya kwanza Chicago, Februari 1989. Kwingineko linaitwa MX-5, Marekani wakazoea kuliita Miata, na kwa Japani toleo la kwanza liliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Injini iko mbele, magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na lile la injini ya lita 1.6 lilikuwa na uzito wa kilo 940 tu. Aprili 2016 kiwanda kilitimiza gari la milioni moja. Na nyie mnaodharau kazi yetu, jueni kwamba mmoja wa waliowatia Mazda wazo la kutengeneza gari hili alikuwa mwandishi wa habari za magari wa Marekani, Bob Hall, aliyekuwa anajua Kijapani na kuwaambia wakubwa wa kampuni mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba dunia imebaki bila gari dogo jepesi la wazi. Mwaka 1981 wakamwajiri. Kumbe kuna waandishi wanaosikilizwa!

Kwa upande wa injini sina wasiwasi mkubwa, na nitaupitia haraka baadaye. Injini ya lita 1.6 ni ndugu wa zile zilizokuwa kwenye Mazda Familia, haina turbo, haina mbwembwe. Fundi anayeijua Familia hataishangaa. Shida ya gari la wazi iko kwingine, na mwuzaji anaijua kuliko wewe.

Angalia picha ambazo madalali wanatuma. Nimetumiwa kama thelathini hivi kwenye simu, Roadster, BMW, Suzuki za turubai, hata Benzi ambazo paa lake la bati linajikunja lenyewe. Zote ziko wazi. Jua linawaka, viti vimefutwa mafuta, nyuma kuna mnazi. Gari la aina hii linapigwa picha likiwa wazi, linajaribiwa likiwa wazi, na mteja anaondoka nalo likiwa wazi huku upepo unampiga usoni na akili imeshamtoka. Siku ya kwanza nilipomwambia dalali, "Naomba ufunge paa kwanza nione," alinitazama kama nimemwomba cheti cha ndoa.

"Braza, paa linafungwa fresh tu. Gari haidai hii. Ni mafuta yako tu."

Gari haidai. Hilo neno nimelisikia mpaka nikilala linanijia.

Sasa kwa nini paa. Turubai halimwagi maji pembeni kama bati la saluni. Kwenye Roadster maji ya mvua yanateremka juu ya turubai kuja nyuma, yanapokelewa na mfereji wa raba ulio nyuma ya viti, kisha yanaingia kwenye matundu mawili, moja kila upande, yanashuka kwa ndani ya bodi na kutokea chini ya gari, mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Mpango mzuri kabisa, mradi matundu yako wazi. Lakini lipaki gari hilo chini ya mwembe au mkungu kwa miaka kumi na tano, lipige vumbi la Kiangazi na masika ya Dar, uone kama matundu hayatajaa majani na udongo. Maji yakikosa njia hayarudi juu. Yanaingia ndani chini ya kapeti, au yanaingia kwenye kile chuma kirefu kinachopita chini ya mlango toka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Mimi nitakiita kizingiti. Yanakaa humo, hayaonekani, na chuma kinaliwa kutokea ndani kuja nje. Ukiona kitone cha kutu kwa nje, ujue ndani sherehe ilishaanza zamani.

Hapo wengine watasema kutu ni kutu tu, kila gari la zamani lina kutu. Hapana. Chukua boksi la viatu lenye kifuniko, likamate ncha mbili ulipinde: linagoma. Toa kifuniko upinde tena. Saluni ina kifuniko, yaani paa la bati na nguzo zake, navyo vinasaidia kushika bodi isipinde. Gari la wazi halina kitu hicho, nguvu nyingi imehamishiwa sakafuni na kwenye vile vizingiti viwili. Kizingiti kilichooza kwenye saluni ni tatizo. Kwenye gari la wazi ni kwamba kile kilichobaki kukushikia gari ndicho kimeoza, na daladala ikikuingia ubavuni, katikati yenu hakuna cha maana. Kwa hoja hiyo hiyo, ukiletewa saluni ambayo mjanja fulani aliikata paa gereji akaiita konvatibo, piga picha ya kumbukumbu uende zako. Kiwanda kikilitoa paa kinaongeza chuma chini. Yule mjanja hakuongeza kitu.

Basi tuje kwenye gari la kwanza nililolikagua kwa dhati. Lilikuwa Mbezi Beach, namba B, la mwaka 1992, rangi nyekundu inayong'aa. Bei milioni 13 na nusu. Nilimwambia dalali nakuja saa moja asubuhi na wasiliwashe kabla sijafika. Nilikwenda na fundi wangu, mtu mzima, mchache wa maneno, ambaye vifaa vyake siku hiyo vilikuwa tochi, bisibisi, jeki, chupa ya maji ya lita moja na nusu na sumaku aliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu akaifunga kitambaa isikwaruze rangi.

Kitu cha kwanza fundi alichofanya ni kuingiza kichwa ndani na kunusa. Ndiyo, kunusa. Ndani kulikuwa na manukato ya gari, yale ya kuning'iniza, matatu kwa pamoja. Gari dogo lile, manukato matatu! Akasukuma kiti cha dereva mbele, akapitisha vidole chini ya kapeti pale nyuma, akavitoa akanionyesha. Vilikuwa na unyevu, na Dar haikuwa imeona mvua kwa wiki mbili.

"Wameosha jana," dalali akawahi.

"Haya," fundi akasema.

Tukafunga paa. Komeo ya kushoto ilishika yenyewe, ya kulia dalali akaipigilia kwa ngumi. Magari ya toleo la kwanza yana kioo cha nyuma cha plastiki, na hiki kilikuwa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa, kina mipasuko miwili pale kinapojikunja. Ni kawaida kwa jua letu, na zaidi kwa watu wanaokunja paa bila kufungua zipu ya kioo kwanza. Inatakiwa ufungue zipu, ukilaze kioo, ndipo ukunje paa. Dalali hakujua kama kuna zipu. Nikamwuliza fundi kama hilo linatosha kuacha gari, akasema kioo na turubai ni vitu vya kushonesha, hata fundi wa makochi mwenye cherehani nzito anaweza. Vitu vya kushona visikutishe. Tazama vya kuchomelea.

Ndipo akachukua ile chupa ya maji. Akamimina polepole kwenye tundu la nyuma ya kiti cha abiria, mimi nimelala chini na tochi. Maji yakatoka mbele ya gurudumu, safi. Akahamia upande wa dereva. Akamimina. Nikasubiri. Akamimina tena.

"Yanatoka?"

"Hayatoki."

"Tulia, yatatoka," dalali akasema, na mimi nilimwonea huruma kidogo kwa jinsi alivyolisema.

Hayakutoka. Maji ya chupa nzima yaliingia upande ule na chini hapakudondoka kitu. Fundi akapiga kizingiti kwa mpini wa bisibisi toka mbele kwenda nyuma: ngo, ngo, ngo, ngo, kisha karibu na gurudumu la nyuma, tufu. Akapitisha sumaku. Toka mbele inashika vizuri, inafika pale penye tufu inaanguka. Urefu kama wa kiganja na nusu, hakuna chuma. Ni puti iliyopigwa rangi nyekundu nzuri sana.

Kisha akaweka jeki upande huo huo, pale pa mbele penye chuma kizima, akainua gurudumu likaacha ardhi, akaniambia nifungue mlango. Ukafunguka kwa kukwaruza, na kuufunga tena ilibidi niunyanyue kidogo. Akashusha jeki, mlango ukafunga bila shida. Hakusema kitu, alikuwa anafuta mikono.

Injini? Ile injini ilikuwa nzuri! Hilo ndilo linaloudhi. Iliwaka kwa mara moja ikiwa baridi, ekzosi haina moshi wa bluu, ina kale kamlio ka tik tik juu ambako magari haya yanajulikana nako na oili ikipanda kananyamaza. Kama tungekagua kama watu wengi wanavyokagua, yaani kufungua boneti, kuwasha, kukanyaga mafuta, kuzunguka mtaa mara moja, ningetoa fedha ya kaka yangu siku ile ile nikiwa natabasamu.

Nikatoa ofa ya milioni 9, nikaeleza sababu. Dalali akakataa, haki yake. Tatizo likaja hapo, maana wakati tunaongea alifika kijana mmoja na mchumba wake. Wanaoana Desemba, wanataka gari la kuingilia ukumbini kisha wabaki nalo. Binti ameshaingia amekaa, miwani usoni, paa limeshafunguliwa tena. Dalali akanivuta pembeni.

"Braza, wewe kama hulitaki sepa taratibu. Usiniharibie riziki."

Niwaambie ukweli, sikuona kama ni jambo dogo. Yule dalali naye ana watoto, gari si lake, na pengine puti hakuipiga yeye. Na kuna adabu ya soko: ukishindwana bei unaondoka, husimami mlangoni kuwazuia wenzako. Lakini kazi yangu ya kila siku ni kuuliza watu kwa nini walijua jambo wakanyamaza. Nimewauliza wakandarasi, nimewauliza madiwani. Nikarudi, nikamsalimia yule kijana, nikampa sumaku mkononi nikamwambia, "Kaka, ipitishe hapa chini taratibu, toka mbele kwenda nyuma." Sikuongeza neno. Sumaku ikaanguka mguuni kwake.

Dalali alinitolea maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine yakihusu njaa ya waandishi. Siku mbili baadaye yule kijana alinipigia kuomba namba ya fundi wangu. Gari lile nimeliona mtandaoni tena wiki iliyopita, limepigwa picha penye mnazi mwingine.

Baada ya hapo nikafikiria kuagiza mwenyewe Japani. Faida kubwa ya kuagiza ni ile karatasi ya mnada. Kabla gari halijapigwa mnada kule, mkaguzi analizunguka na kuandika karatasi yenye mchoro wa gari na herufi. A ni mchubuko, U ni kibonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa ikabaki na wimbi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwishakula chuma. Herufi inafuatwa na namba, na namba ikipanda uovu unapanda. Alama ya jumla ikiwa R, ujue limewahi kugongwa likatengenezwa. Watu wengi wanaishia kwenye alama ya jumla, wakiona 4 wanashangilia. Kwa gari la wazi soma maandishi ya mkono yaliyobanana pembeni, hata kama ni kwa kuyapiga picha na programu ya kutafsiri kwenye simu. Tafuta neno "horo", ndilo turubai. "Yabure" ni kuchanika, "amamori" ni kuvuja, "sabi" ni kutu. Na uliza gari lilisajiliwa mkoa gani, maana sehemu zenye theluji nyingi kama Hokkaido wanamwaga chumvi barabarani, na chumvi inafanya kazi yake kwa chini huku juu gari linameta.

Nilipata moja, karatasi yake ilinifurahisha. Kisha nikafungua kikokotoo cha TRA mtandaoni nikaingiza mwaka. Jamani. Gari likizeeka ushuru wa uchakavu unapanda, na magari yangu haya ni ya wakati ambapo mimi mwenyewe sijazaliwa. Nikaifunga kompyuta nikaenda kunywa chai.

La tatu nilitafutiwa na fundi. Lilikuwa Upanga, namba C, la mwaka 1994, injini ya lita 1.8, mali ya mzee mmoja mstaafu anayehamia kwa mwanaye Dodoma. Nilifika, "Shikamoo mzee," "Marahaba kijana, karibu," na kitu cha kwanza nilichokiona kikanipa moyo: gari lilikuwa limefungwa. Limeegeshwa chini ya bati, paa juu.

Halikuwa zuri kama lile jekundu. Rangi imepauka kwenye boneti, turubai lilishashonwa upya na fundi wa mahema, uzi unaonekana, na kioo cha plastiki hakina zipu tena. Mzee alinionyesha mwenyewe sehemu inayovuja, juu ya bega la abiria, akaweka na kidole. "Hapa mke wangu alikuwa anaweka kanga," akasema. Ana daftari la Msomi lenye tarehe, kilometa na kila alichobadilisha, kwa mwandiko wa mwalimu. Nililipiga picha kurasa zote usiku nikazipanga: kilometa zinapanda kwa mtiririko, hazirudi nyuma popote. Kwa mwenye mazoea ya kusoma taarifa za CAG, daftari lile lilikuwa burudani.

Fundi alimimina maji kushoto, yakatoka. Akamimina kulia, yakatoka, na udongo kidogo. Akapiga vizingiti toka mwanzo hadi mwisho: ngo, ngo, ngo, hadi gurudumuni. Sumaku ikashika kote. Jeki, mlango ukafunguka na kufunga. Akafungua buti, kwa sababu betri ya gari hili inakaa humo na betri isiyo ya aina yake ikitoa mvuke wa asidi inakula bati lake, akakuta pakavu. Taa zote mbili zikainuka. Tukaliendesha hadi Salender na kurudi, kwanza paa likiwa wazi kisha limefungwa, na kwenye matuta tukawa tunasikiliza kama dashibodi na kioo cha mbele vinatetemeka kila kimoja kivyake. Kutetemeka kidogo ni kawaida ya gari la wazi. Kama kioo cha mbele kinacheza wimbo wake na milango wimbo wake, hapo bodi imelegea.

Aliyoyakuta ni mawili. Silinda ya klachi, ile ya chini, inavuja. Akafunua raba yake akanionyesha unyevu. Ni ugonjwa wa kawaida kwa magari haya, kitu kidogo na si ghali, lakini ikikufia kwenye foleni ya Morogoro Road pedali inabaki sakafuni na utapata wapiga honi wa kutosha. La pili ni mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kila kilometa 100,000 au karibu na hapo, na kwenye daftari haupo kabisa. Kwenye injini hizi za toleo la kwanza mkanda ukikatika vali hazigongwi na pistoni, kwa hiyo injini haifi, wewe ndiye unayebaki barabarani. Hata hivyo ukiwa wazi unavua rejeta na mikanda, kwa hiyo badilisha na pampu ya maji kwa mkupuo mmoja.

Bado kulikuwa na makaratasi, na hapa sitawachosha. Namba ya chesisi kwenye kadi tuliilinganisha na ile iliyogongwa kwenye bodi ndani ya boneti, herufi kwa herufi. Ya gari hili inaanza na NA8C, na ukiona NA6CE ujue hilo ni la 1.6. Deni la faini za trafiki nililiangalia kwa namba ya gari, palikuwa na moja ya mwendokasi. Mzee akaona haya kweli kweli. Nikapiga simu kuulizia bima kubwa, kampuni ya kwanza ikakataa kwa umri wa gari, ya pili inataka kuliona. Ikishindikana nitakaa na bima ndogo, na kwa gari ambalo paa lake kibaka analipasua kwa wembe, hiyo ni hesabu ambayo mnunuzi aifanye kabla, siyo baada. Mimi nimeamua ndani hakikai kitu, hata chaja ya simu.

Bei alitaka milioni 12. Nikamweleza silinda, mkanda na turubai, akasikiliza, akachukua kalamu akapiga hesabu nyuma ya daftari, akasema 11. Nilimpigia kaka yangu nikiwa pale pale. Akaniuliza swali moja tu: "Likinyeshewa je?" Nikamwambia maji yanatoka pande zote mbili, na bega la kushoto linavuja. Akakaa kimya kidogo, akasema sawa.

Jumatatu tulisaini kwa wakili, mkewe mzee akawa shahidi, na nimeanza kubadilisha umiliki TRA. Mzee alinikabidhi funguo mbili, daftari, na kipande cha ile nailoni nene ya mashine ya kukatia majani, ambacho anakitumia kuzibua matundu kila baada ya mwezi. Waya anasema usithubutu, unatoboa. Fundi ananisubiri Jumamosi na mkanda, pampu na silinda ya klachi. Turubai nitalishonesha kabla ya vuli.